Antivairasi gani niweke kwenye kompyuta ya nyumbani?

Leo tuweke jembe na bomba la dawa pembeni kidogo, tuzungumzie kompyuta.

Swali lililo hapo juu naulizwa kila msimu. Wanaoniuliza ni makatibu wa vikundi vya hisa, makarani wa vyama vya msingi, wenye maduka ya pembejeo, wanunuzi wa mazao, na wazazi walionunua laptopu ya mtumba ili mtoto asomee. Zamani hesabu zetu zote zilikaa kwenye kaunta buku. Sasa nusu ziko kwenye kompyuta, na kompyuta inaugua.

Mimi nimesomea kilimo ngazi ya stashahada, sikusomea kompyuta. Ninachokueleza nimekipata kwa kutumia laptopu moja kazini na nyumbani, kupokea flashi za watu wa kila aina, na kusoma. Jibu langu kwa ufupi ni hili: antivairasi nzuri kwako ni ile utakayoweza kuisasisha hapo hapo ulipo, kwa bando ulilo nalo. Majina nitakutajia, lakini kwanza tuelewane kwa nini nasema hivyo.

Jambo lililotokea kwenye kikundi cha hisa

Kuna kikundi ambacho wanachama wake wengi ni wakulima ninaowahudumia. Katibu wao ni mama mtu mzima, mwandishi mzuri, na vitabu vyote vya mwaka mzima alikuwa ameviingiza kwenye kompyuta ya mwanawe. Ilipobaki siku moja wagawane, alichukua flashi akaenda mjini kuchapa orodha ya hisa na mikopo kwenye steshenari. Akarudi na karatasi, akachomeka flashi ile ile nyumbani ili asahihishe jina moja lililokosewa. Folda zote zilikuwa zimegeuka vialama vidogo vyenye mshale. Ukibofya, kinatokea kitu kisichoeleweka. Mafaili hayapo.

Kesho yake watu walikaa chini ya mwembe, karatasi moja ina makosa, na kompyuta haina kitu. Sihitaji kukueleza kilichofuata. Mmoja alisema kwa sauti kwamba hesabu zimefutwa makusudi. Mama yule aliitwa mwizi mbele ya wajukuu zake.

Aliniita. "Bwana shamba, hebu niangalizie, mimi sijafuta kitu." Nilipochomeka flashi kwenye laptopu yangu, antivairasi ilipiga kelele papo hapo. Kilikuwa kile kirusi tulichokizoea sana huku kwetu: kinayaficha mafolda yako ya kweli, kisha kinaweka njia za mkato za uongo zenye majina yale yale. Kila unapobofya njia ya mkato, unakiwasha tena. Nilikisafisha, nikayafichua mafolda, hesabu zikarudi zote. Zilipolinganishwa na vitabu vya wanachama, zililingana mpaka shilingi ya mwisho.

Fedha zikagawanywa jioni ile. Lakini neno "mwizi" lilikuwa limeshatoka kinywani, na mama yule mwaka uliofuata alikataa ukatibu. Kikundi kilipoteza mwandishi wake bora kwa sababu ya kijiprogramu kidogo kuliko picha moja ya simu. Ndiyo maana sioni antivairasi kama mambo ya watu wa mjini. Kijijini hesabu ikipotea, anayetiliwa shaka ni mtu, siyo mashine.

Virusi vinatufikia kwa njia zipi?

Njia ya kwanza ni flashi. Hilo halikuanza leo. Kirusi kinachojulikana kuwa cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM PC kiliitwa Brain, kilitengenezwa Lahore, Pakistan, mwaka 1986, na kilisafiri kwa disketi zilizopeanwa mkono kwa mkono. Disketi zimekwisha, tabia imebaki. Kompyuta ya steshenari inachomekewa flashi za walimu, wanafunzi, makanisa, misikiti na vikundi, siku nzima. Ni sawa na mnada wa ng'ombe: mifugo ya kila kijiji inakutana pale, na magonjwa nayo yanakutana.

Njia ya pili ni programu za wizi, zile zilizokrakiwa. Mnunuzi mmoja wa mahindi ninayemfahamu alipewa programu ya biashara ya namna hiyo, na maelekezo yalisema: zima kwanza antivairasi. Akazima. Siku iliyofuata mafaili yake yote, pamoja na orodha ya wakulima anaowadai na wanaomdai, yalikuwa yamefungwa na kuongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa majina. Pembeni kulikuwa na barua ya kudai malipo kwa dola. Kilichomwokoa ni kaunta buku ya karani wake wa mizani. Mtu akikuambia uzime ulinzi ndipo zawadi yake iingie, ujue hiyo siyo zawadi.

Njia ya tatu ni viambatisho vya barua pepe na mafaili yanayojifanya kuwa kitu kingine. Faili linaandikwa "Orodha ya malipo.pdf.exe", lakini Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho, kwa hiyo wewe unaona "Orodha ya malipo.pdf" tu. Fungua folda yoyote, nenda kwenye "View", washa "File name extensions". Kuanzia hapo utaona jina zima. Hati inayoishia na exe usiifungue, hata ikitoka kwa rafiki.

Njia ya nne ni Windows yenyewe iliyozeeka. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takribani 150, zikiwemo za hospitali nyingi za Uingereza. Kiraka cha kuziba tundu lile Microsoft walikuwa wameshakitoa mwezi Machi mwaka huo huo. Wengi walioumia ni wale ambao hawakukiweka.

Antivairasi ni chanjo, na chanjo ina masharti

Wewe mfugaji wa kuku unaijua chanjo ya mdondo. Tunachanja kila baada ya miezi mitatu. Ukichanja mara moja mwaka juzi ukasema "kuku wangu wamechanjwa", mdondo ukipita utabaki na banda tupu. Na kuku akishaugua, chanjo haimponyi.

Antivairasi ni hivyo hivyo. Inavitambua virusi kwa orodha ya alama zake na kwa kuchunguza tabia za programu, na orodha hiyo huongezwa kila siku kwa sababu virusi vipya vinatoka kila siku. Antivairasi ya kulipia ambayo haijasasishwa miezi sita ni chupa ya chanjo iliyokaa juani. Ya bure iliyosasishwa jana usiku inaishinda.

Maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuchagua

*Swali la kwanza: Windows yangu bado inahudumiwa?* Windows 7 iliachwa tangu tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft waliweka utaratibu wa kujiandikisha ili uendelee kupata viraka kwa mwaka mmoja zaidi. Kama mashine yako inakubali Windows 11, hamia huko. Kama haikubali, jiandikishe kwenye utaratibu huo ikiwa bado upo. Kama ni Windows 7, usiitunzie hesabu za kikundi wala kuingilia benki, hata ukiiwekea antivairasi tatu.

*Swali la pili: kompyuta yangu inapata intaneti mara ngapi?* Hili watu wengi wa mjini hawalifikirii, ila kwetu ndilo zito kuliko yote. Antivairasi nyingi za sasa hukagua faili kwa kuuliza makao makuu kupitia intaneti. Ukiwa nje ya mtandao, msaada huo haupo. Kuna maabara huru mbili zinazopima antivairasi na kutoa matokeo bure: AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Hawa wa Austria hupima pia uwezo wa kila antivairasi ikiwa haina intaneti. Tofauti huwa kubwa: nyingine hazitetereki, nyingine hushuka sana.

*Swali la tatu: mashine yangu ina nguvu kiasi gani?* Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ni kama punda mzee. Ukimbebesha programu nzito atalala njiani, nawe utachoka uizime. Ulinzi uliozimwa siyo ulinzi. Ndiyo sababu maabara hizi hupima pia ni kiasi gani antivairasi inaipunguzia kompyuta mwendo.

Sasa majina

*Microsoft Defender.* Imo tayari ndani ya Windows 10 na 11, hulipi kitu, husajili kitu. Miaka ya karibuni imekuwa ikipata alama za juu kwenye vipimo vya AV-TEST. Kwa msomaji ambaye kompyuta yake inaungwa na intaneti ya simu karibu kila siku, jibu langu ni hili: baki na Defender, usitumie hata shilingi. Udhaifu wake ni ule wa swali la pili. Katika vipimo kadhaa vya AV-Comparatives, uwezo wake bila intaneti umekuwa chini kuliko wa wenzake.

*Bitdefender ya bure.* Kampuni ni ya Romania. Katika vipimo imekuwa ikifanya vizuri hata bila intaneti. Kama kompyuta yako inakaa wiki bila mtandao na inapokea flashi za watu, mimi ningeanza na hii. Kuiweka kunahitaji intaneti na akaunti ya barua pepe, kwa hiyo fanya kazi hiyo siku ukiwa na bando la kutosha.

*Avast na AVG.* Hizi mbili ni za kampuni moja, zina matoleo ya bure, na zinakamata virusi vizuri. Ujue jambo moja: mwezi Februari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza faini ya dola milioni 16.5 kwa Avast, kwa sababu kampuni yake tanzu ilikuwa ikiuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji walitembelea. Kampuni tanzu hiyo ilifungwa mwaka 2020. Nakutajia ili ukumbuke kwamba bure nayo inaweza kuwa na bei. Ukiweka yoyote ya bure, pitia mipangilio ya faragha uzime usichokubali.

*Za kulipia kwenye maboksi madukani.* Siyo mbaya. Kabla ya kulipa, uliza mambo manne: leseni ni ya kompyuta ngapi, ni ya muda gani, mwaka wa pili bei ni ile ile au inapanda, na leseni hiyo imeshatumika au bado. Kumbuka pia kwamba Kaspersky, ambayo wengi tunaifahamu, ilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2024 kwa sababu za usalama zinazohusu uhusiano wake na Urusi. Katazo hilo ni la Marekani, ila ukinunua, nunua ukijua.

*Za kukimbia.* Kuna ukurasa mwekundu unaotokea ghafla ukipiga kelele "kompyuta yako ina virusi 5, bofya hapa". Hakuna tovuti inayoweza kukagua kompyuta yako kwa kupita tu. Funga ukurasa huo. Hesabia humo pia antivairasi iliyokrakiwa. Kununua mlinzi kwa mwizi ni kumkaribisha mwizi.

Na usiweke mbili zikifanya kazi kwa pamoja. Zitazuiana, na kompyuta itakwama. Defender hukaa pembeni yenyewe ukiweka nyingine, na hapo usiisumbue.

Kusasisha kwa bando dogo

Fungua "Windows Security", ingia "Virus & threat protection", kisha bonyeza "Check for updates". Ukiwa na bando la usiku, fanya wakati huo. Jiwekee siku maalumu. Mimi naifanya kila siku ya gulio, kwa sababu siku hiyo siisahau.

Kama kompyuta haina intaneti kabisa, Microsoft wanaweka faili la masasisho ya Defender linaloitwa mpam-fe.exe kwenye tovuti yao. Lipakue kwenye kompyuta unayoiamini, libebe kwa flashi safi, libofye kwenye kompyuta yako. Pakua kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, si kwingine. Kikundi kinaweza kumpa kijana mmoja kazi hii kila wiki, kama tunavyompa mmoja kazi ya kufuata chanjo wilayani.

Jaribu kama mlinzi yuko macho

Taasisi iitwayo EICAR ilitengeneza faili la majaribio lenye herufi 68 tu. Halina madhara yoyote, lakini antivairasi zote kubwa zimekubaliana kulipigia kelele. Ingia tovuti ya eicar.org ulipakue. Antivairasi ikilizuia, iko macho. Ikikaa kimya, imelala au imezimwa, shughulika nayo leo.

Flashi na steshenari

Siwezi kukuambia uache kwenda steshenari. Mimi mwenyewe naenda. Fanya hivi:

1. Tenga flashi moja ya kuchapia tu. Iwe na hati unayokwenda kuchapa, basi. Flashi yenye vitabu vya kikundi isitoke nyumbani.
2. Ukiweza, tuma hati kwa barua pepe ya steshenari, uende mikono mitupu.
3. Ukirudi, kabla ya kufungua flashi, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, uchague kuikagua kwa antivairasi.
4. Ukiona mafolda yamekuwa na mshale, usibofye chochote. Usifomati. Mafaili yako mara nyingi yapo, yamefichwa tu.
5. Ikague mpaka iwe safi. Kisha fungua "Command Prompt", andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na ubonyeze Enter. Herufi E ibadilishe iwe ile ya flashi yako. Mafolda yatatokea.

Antivairasi haitoshi peke yake

Hakuna chanjo inayokinga kwa asilimia 100, na hakuna antivairasi hiyo pia. Kwa hiyo hesabu zenye haki za watu ziwe mahali zaidi ya pamoja. Nakala moja ndani ya kompyuta. Nakala ya pili kwenye diski ya nje au flashi inayochomekwa siku ya kunakili tu, kisha inachomolewa na kufungiwa kabatini, kwa sababu kirusi kinachofunga mafaili hufunga pia kila kilichochomekwa. Nakala ya tatu ni karatasi: chapa salio la kila mwanachama kila mwezi, lisainiwe na watu wawili. Mama katibu niliyemtaja angekuwa na karatasi ya mwezi uliopita yenye saini mbili, mwembeni pasingekuwa na kelele.

Mafaili yakishafungwa na kirusi cha kudai fedha, usikimbilie kulipa. Kulipa hakukuhakikishii kwamba utafunguliwa. Chomoa intaneti, nakili mafaili hayo yaliyofungwa uyaweke pembeni, kisha kwa kutumia kompyuta nyingine tembelea nomoreransom.org. Ni mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama, na hutoa funguo bure kwa virusi ambavyo dawa yake imepatikana. Siyo vyote vina dawa. Vingi vinavyo.

La kufanya leo

Kabla hujalala, washa kompyuta uangalie vitu viwili: tarehe ambayo antivairasi yako ilisasishwa mara ya mwisho, na tarehe uliyonakili hesabu mara ya mwisho. Kama yoyote kati ya hizo imepita mwezi, anza na hiyo. Na kama unatunza hesabu za wenzako, waeleze katika mkutano ujao kwamba kompyuta inaweza kuugua, na kwamba nakala ziko wapi. Wakilijua hilo mapema, siku ikitokea watakuuliza nakala iko wapi. Hawatakuuliza umezila wapi.